Kangomba Imehamia Kiwandani: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Korosho na Kazi

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na mwenzake wa kilimo, Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Bodi ya Korosho Tanzania, Kamishna wa Kazi, na nyinyi viongozi wa vyama vya wafanyakazi.

Yah: Masharti ya kazi katika viwanda vya kubangua korosho

Waheshimiwa, shikamooni. Mlio rika langu, habari za kazi.

Mnada wa kwanza wa korosho ukishafunguliwa, redio za huku kwetu hazina habari nyingine. Bei ya juu shilingi ngapi, bei ya chini ngapi, maghala ya vyama vikuu vya ushirika yana tani ngapi: MAMCU ngapi, TANECU ngapi, RUNALI ngapi, Lindi Mwambao ngapi. Ni sawa kabisa. Msimu wa 2024/25 nchi ilivuna zaidi ya tani 528,000, na mkulima anayeona bei imeporomoka ghafla hukataa kuuza mbele ya kamera, na kabla jua halijazama Mkuu wa Wilaya ameshafika. Hatumwonei wivu. Wengi wetu ni watoto wake, na mabibo yakianza kudondoka tunaokota korosho za baba zetu kabla ya kurudi kwenye meza za kiwanda. Ila kuna bei moja ambayo sijawahi kuisikia ikisomwa redioni, nayo ni bei ya kumenya kilo moja ya karanga, yaani kile kiini cha korosho kilichotolewa kwenye ganda.

Mimi ni mmenyaji. Kiwanda changu sikitaji, kwa kuwa msimu ujao nataka kurudi, na pia kwa kuwa wenzangu wa viwanda vingine wakisoma watadhani nimeandika vya kwao.

Kwa ambaye amewahi kuja na msafara tu, akavishwa koti jeupe na kuonyeshwa karanga zilizokwisha pakiwa, nieleze kidogo. Korosho ghafi ikitoka ghalani huchambuliwa kwa ukubwa, huchemshwa kwa mvuke ganda lilegee, hupoozwa, ndipo hubanguliwa. Viwanda vyenye mtaji vina mashine za kukata zenyewe. Vingi bado vinatumia kile kimashine cha mkono na mguu: mkono unaweka korosho katikati ya visu viwili, mguu unakanyaga, na mwenzako wa pili anaichokoa karanga. Kisha karanga huingia oveni kukaushwa ili ile ngozi nyembamba ya ndani ijitenge. Hapo ndipo inapokuja kwetu, wanawake karibu wote, tukaimenya kwa vidole na kisu kidogo, halafu inakwenda kwa wanaopanga madaraja. Kilo nne au tano za korosho ghafi hutoa kilo moja hivi ya karanga. Kilo hiyo moja imepita mikononi mwa watu wengi kuliko mnavyodhani.

Tunalipwa kwa kilo, na hapa nitakaa kidogo, maana matatizo yote mengine yanaanzia hapa.

Daraja linalouzwa zaidi duniani ni W320. Tarakimu hiyo ni idadi: karanga 300 hadi 320 kwa ratili moja, yaani karibu karanga 700 kwa kilo. W240 ni nene zaidi, kilo yake ni karanga 500 hivi. Kwa hiyo dada aliyewekewa beseni la korosho ndogo anashika, anageuza na kukwangua karanga 200 zaidi kwa kila kilo kuliko jirani yake aliyewekewa beseni la korosho kubwa, na jioni wote wawili wanalipwa bei ileile ya kilo. Anayegawa mabeseni ni msimamizi. Ukitaka kujua kwa nini kwenye ukumbi wa kumenyea kuna watu wanacheka sana na msimamizi na wengine hawamwangalii usoni, jibu liko kwenye beseni. Na msinifanye niandike yote yanayodaiwa kwa ajili ya beseni zuri. Wanawake mliomo kwenye ofisi hizo mnanielewa.

Halafu kuna vipande. Karanga ikikatika thamani yake sokoni inashuka, hilo halina ubishi. Lakini karanga haikatiki kwa uzembe wa mmenyaji peke yake. Ikichemshwa muda mfupi, kisu cha mbanguaji kinaipasua tangu huko. Oveni ikizidishwa moto inakuwa kama biskuti, ukiigusa imegawanyika. Ikiwa ni korosho iliyolala ghalani tangu mwaka jana, ngozi inang'ang'ania na lazima ukwangue kwa nguvu. Fundi wa boila na mtu wa oveni wanalipwa kwa mwezi, na wakikosea mshahara wao hautikisiki. Kosa lao linashuka mpaka kwenye meza yetu, na sisi ndio tunaolilipa, kwa sababu vipande vinahesabiwa nusu, na siku nyingine havihesabiwi kabisa. Lakini sijawahi kuona vipande vikitupwa. Vinafungwa vizuri na kuuzwa kwa watengeneza biskuti na chokoleti.

Na mizani? Imegeuziwa msimamizi. Anasoma yeye, anaandika yeye, kwenye daftari lake. Sisi hatuna karatasi yoyote. Siku ya malipo unaitwa jina na kutajiwa kiasi, na ukisema "mbona nilihesabu zaidi", unaulizwa ulihesabu kwa mizani ipi.

Waheshimiwa, mnaijua kangomba kuliko mimi. Ni yule mnunuzi anayemfuata mkulima nyumbani wakati wa njaa na kumpimia kwa kipimo chake mwenyewe na kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kazini, watu wa kangomba walisakwa mpaka vijijini. Leo mkulima akifika AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika, anakuta mizani ya kidijitali, anapata risiti, na pesa yake inapita benki. Sasa niambieni, kipimo kilichopo upande wa mwenye pesa, kinachosomwa na mwenye pesa, bila risiti, kwa mtu mwenye njaa, kinaitwaje kikiwa ndani ya geti la kiwanda? Korosho ileile mnayoilinda kwa gramu ikiwa na ganda, ikishavuliwa ganda hakuna anayeuliza ilipimwaje.

Kwa hiyo ombi la kwanza ni jepesi na halihitaji Bunge. Wakala wa Vipimo anayekagua mizani za AMCOS aingie na viwandani akague zile tunazopimiwa jasho letu. Mizani igeuzwe, kioo chake kisomwe pande zote mbili. Kila mzigo upewe kikaratasi chenye uzito, aina ya korosho na bei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 tayari inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya malipo na makato yake. Hakuna mahali iliposema kwamba wa kilo hamo.

Tunaambiwa pia kwamba kima cha chini cha mshahara hakituhusu. Mliotangaza mlisema tangu Januari 1, 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda kwa wastani wa asilimia 33.4, na siku ile hata sisi tulishangilia. Tulipouliza, jibu lilikuwa: ninyi si watu wa mshahara, ni watu wa kilo, jitahidini. Amri ya kima cha chini hupanga viwango kwa saa, kwa siku, kwa wiki na kwa mwezi. Haipangi kwa karanga. Ninachoomba kwa Kamishna wa Kazi ni waraka mmoja wa Kiswahili chepesi, wa kubandikwa kila kiwanda, utakaosema kwamba mtu aliyeitwa kazini na kukaa mezani kutwa nzima hawezi kuondoka na pungufu ya kima cha chini cha siku, hata kama siku hiyo umeme ulikatika, mvuke ukakosekana, na beseni la kwanza likaja saa tano. Saa za kusubiri beseni ni za mwajiri. Kanga zetu hatukuja kuzikunjia hapo kwa kupenda.

Sasa msimu. Hili ndilo linalonisukuma kuandika kuliko yote.

Tunaitwa mwezi wa kumi na moja, tunapumzishwa mwezi wa tatu. Tunaitwa tena mwezi wa tano korosho ya akiba inapofunguliwa, tunapumzishwa mwezi wa tisa. Kila tukirudi tunajaza fomu mpya kana kwamba ndio kwanza tumeshuka kwenye basi kutoka Masasi. Ni mchezo wa miezi sita. Kifungu cha 35 cha sheria niliyoitaja kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri. Waajiri wamekariri mstari huo kama sala. Lakini mstari hauishii hapo. Unaendelea kusema miezi hiyo inahesabiwa kwa mwajiri yuleyule, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Mkijumlisha vipande vyetu vya mwaka mnavuka miezi sita mchana kweupe.

Likizo ni hivyo hivyo. Ukiuliza unajibiwa "wa msimu hana likizo". Kifungu cha 29 kinasema kinyume chake: kinamnyima mwenye chini ya miezi sita, kisha kinamrudishia mtu wa msimu, na pia yule aliyefanya kazi zaidi ya mara moja katika mwaka kwa mwajiri huyo huyo iwapo jumla yake inazidi miezi sita. Na kama shida ni kujua mtu wa kilo alipwe kiasi gani cha likizo, sheria hiyo imeshapiga hesabu: asiyelipwa kwa muda, malipo yake yanakokotolewa kwa kuangalia wiki 13 zilizotangulia. Walioiandika walitufikiria. Aliyekabidhiwa kuisimamia ndiye hatujamwona mezani.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hata mawakili wengi hawajaligundua, kwa sababu hawajawahi kuishi kwa kuitwa. Mtu aliyeachishwa ana siku 30 za kufikisha lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai mengine yana siku 60. Sisi hatuachishwi. Hakuna barua, hakuna tarehe, hakuna neno "umefukuzwa". Tunaambiwa "mtaitwa". Mwenye mdomo mrefu hapigiwi simu, basi. Siku 30 zinapita ameweka simu karibu, anaazima chaji kwa jirani, anasema labda kesho. Akija kushtuka wenzake wameshaanza kazi, na akienda Tume anaulizwa: uliachishwa lini? Ajibu nini? Na kama yuko Liwale au Newala, nauli ya kwenda na kurudi mkoani kwa ajili ya kujaza fomu tu ni unga wa wiki nzima, na masika barabara ya Liwale mnaijua wenyewe. Tume ikae siku kadhaa kwa mwezi kwenye wilaya zenye viwanda. Mahakama inayotembea ipo nchi hii, kwa nini usuluhishi usitembee? Na kila anayepumzishwa apewe karatasi yenye tarehe aliyopumzishwa na tarehe anayotarajiwa kurudi.

Kuhusu miili yetu nitasema kwa kifupi, kwa kuwa ukiangalia mikono ya mbanguaji utapata maelezo kuliko haya. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Anayebangua hujipaka majivu au mafuta ya nazi kwa sababu glavu anayopewa inatoboka mapema na ya pili anaambiwa anunue. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa vya kinga. Wapo wenzangu ambao walipokwenda kusajili laini ya simu mashine ya vidole iliwagomea, wakajaribu kidole kimoja kimoja mpaka kumi vikaisha, foleni nzima ikiwatazama kana kwamba wameiba vidole vya mtu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, mchango wake anatoa mwajiri peke yake, na unafidia magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali. Nimeuliza kwenye meza yetu nani ameandikishwa kwenye Mfuko huo au NSSF. Wa ofisini wameandikishwa. Dereva ameandikishwa. Meza nzima ya kumenya ilinitazama.

Wanaonyonyesha wana haki ya muda wa kunyonyesha, jumla isizidi saa mbili kwa siku. Kwetu mtoto huletwa getini na dada yake mdogo ambaye angepaswa kuwa darasani, mama anatoka mbio, na ule muda unakatwa kwenye kilo bila mtu kuukata, kwa sababu beseni halijimenyi.

Nigeuke kwenu viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na msinune.

Mei Mosi mnatuletea fulana na kofia, tunaandamana kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, tunamsikiliza mgeni rasmi, na baada ya hapo tunaonana Mei Mosi nyingine. Ukumbi wetu una wanawake zaidi ya mia. Sheria inasema penye wanachama zaidi ya 100 kuwe na wawakilishi 15 wa chama mahali pa kazi, na watano kati yao angalau wawakilishe wanawake. Mimi nimewaona wawili, wote wanaume, wote wa upande wa boila na oveni. Ni watu wazuri, sina neno nao. Ila hawajawahi kupewa beseni baya.

Mnasema watu wa msimu hawaandikishiki kwa kuwa ada yao haina uhakika. Mmeanza na ada. Kifungu cha 9 cha sheria kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, hakijasema kila mwenye makato ya mwezi. Na chama kikipata wanachama wengi kuliko nusu kwenye kundi husika kinaweza kutambuliwa kuwa msemaji pekee katika majadiliano na mwajiri, kikaingia mkataba wa hali bora. Meza za kumenya na kubangua ndizo zenye nusu hiyo. Bila sisi mtabaki kujadiliana kwa ajili ya madereva.

Nadhani tatizo ni la kihistoria, na wazee wa hapa Mtwara ndio walionifungua macho. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, lile shirikisho la zamani la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ikaundwa kwa sheria. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na ndiye huyo huyo aliyekuwa Waziri wa Kazi. Mwaka 1978 ikageuzwa JUWATA, jumuiya ya chama tawala. Mzee mmoja aliyekuwa fundi kwenye kiwanda cha Serikali enzi hizo ananiambia tawi la JUWATA ndilo lililowasomea wafanyakazi maelekezo kutoka juu. Kupeleka ya chini kwenda juu ilikuwa ni kwa hisani. Sheria zile zimekwisha zamani. Mwendo wake naona bado unatembea.

Najua mtakachosema ninyi wa upande wa kilimo na viwanda, maana nimekisikia: tukiwabana wawekezaji watafunga, na korosho itaendelea kupakiwa ghafi bandarini hapa kwenda India na Vietnam. Hoja hii siidharau. Mwenye kiwanda analazimika kununua malighafi ya mwaka mzima ndani ya miezi michache ya mnada, kwa mkopo wa benki, akishindana na mnunuzi wa nje mwenye pesa nyepesi. Akikosea bei, amekwisha. Mimi mwenyewe nimekaa nyumbani kwa sababu mzigo ulimalizika mapema.

Lakini tusidanganyane kuhusu kilichoua viwanda. Nchi hii ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho kwa mikopo ya nje, miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1980, na vingi vikaishia kuwa maghala. Je, viliuliwa na wabanguaji waliodai likizo? Mavuno yalikuwa tani 145,000 msimu wa 1973/74. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao mbali, bei ya mkulima ilikuwa mbaya, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukamaliza kilichobaki. Mashine zilikosa korosho. Leo korosho ipo, salfa ya kuzuia ugonjwa huo inagawiwa, miti inapandwa, na eneo la viwanda linaandaliwa kule Maranje. Kile ambacho zamani kilikosekana sasa kipo. Msitulipishe sisi hofu ya mwaka 1985.

Na ninyi mna fimbo ambayo haina gharama. Kiwanda hakipati korosho ghafi bila leseni ya Bodi. Mmekuwa mkisema, na tunawaunga mkono, kwamba wabanguaji wa ndani wapewe kipaumbele. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi umewekwa miaka yote hii ili wao wapate nafuu. Basi anayekuja kuomba leseni na kipaumbele hicho aje na karatasi nne: orodha ya wafanyakazi wote wa msimu na mikataba yao, risiti za NSSF na Mfuko wa Fidia kwa majina hayo, cheti cha Wakala wa Vipimo cha mizani za ndani, na bei ya kumenya na kubangua kwa kila ukubwa wa korosho, iliyokubaliwa na wawakilishi wa meza hizo na siyo iliyopangwa ofisini. Asiye nazo apewe msimu mmoja wa kujirekebisha. Baada ya hapo apange foleni nyuma ya wenye nazo.

Mwenye kiwanda anayefuata sheria atafurahi, kwa kuwa sasa hivi anashindana na jirani anayeokoa pesa kwa kutoandikisha mtu. Wapo waaminifu, nimefanya kazi kwa mmoja. Kwake kikaratasi cha mizani tulikuwa tunapewa. Alipouza kiwanda, vikaratasi viliondoka naye.

Wakaguzi wa kazi nao waje siku ambayo hawajatarajiwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inawaruhusu kuingia bila kutoa taarifa. Mkaguzi akitoa taarifa tunajua kabla yake: asubuhi hiyo glavu mpya zinagawiwa, wajawazito wanaambiwa wapumzike nyumbani, na kila mtu anafundishwa jibu. Akifika aongee nasi nje ya geti, saa za kutoka, msimamizi akiwa mbali. Na kama atakwenda Newala, Mtama au Nachingwea, awapitie pia kina mama wanaobangulia majumbani kwa vikundi na kuuzia viwanda. Wale hata daftari la msimamizi hawana.

Hatujasema tutagoma. Tunajua mgomo halali una hatua zake, usuluhishi kwanza, kura, kisha notisi ya saa 48, na tunajua kwamba asiyetambuliwa kuwa mfanyakazi hana hata mahali pa kupigia kura hiyo. Ndiyo maana tumeanza na barua.

Minada hufunguliwa Oktoba. Kabla ya hapo tunaomba kikao kimoja Mtwara na kimoja Lindi, Jumapili, maana siku nyingine hatulipwi tukikosekana, Bodi ikiwepo, Kamishna wa Kazi akiwepo au mtu wake mwenye mamlaka ya kusaini, wenye viwanda wakiwepo, na vyama vya wafanyakazi vikija na fomu za uanachama badala ya fulana. Wanaomenya na wanaobangua wachaguliwe na meza zao wenyewe. Ajenda iwe ni zile karatasi nne, na kila moja ipewe jina la ofisi itakayoisimamia na tarehe ya kuanza. Mtakachokubaliana kibandikwe kwenye mageti ya viwanda na kisomwe redioni, saa ileile inayosomwa bei ya mnada.

Wasalaam,

Mmenyaji korosho,
Mtwara Mikindani